Soma Hii Kabla Hujawasha Gari

Masika mwanangu,

Nimekaa kwenye benchi la garage. Mikono nimeiosha mara mbili kwa sabuni na mchanga, na bado karatasi imepata alama za vidole. Utanisamehe hilo. Wewe uko Musienene kumuaga bibi yako, na jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili na kukufungia maharagwe. Basi nina mchana mzima wa kuandika. Kesho asubuhi unaondoka na lile gari jeupe kwenda kuishi Kampala kwa mjomba wako Kambale, na nyumba hii itabaki na mimi, redio, na kuku wawili ambao hawajawahi kunipenda.

Sitakuambia uvae sweta, wala usali, wala uchague marafiki. Hayo shangazi zako wameyasema wiki nzima, nikiwasikia kupitia dirishani, na wewe ukiitika "ndiyo, tantine" huku unaendelea kukunja nguo. Mimi najua kitu kimoja tu, nacho ni gari. Na ndani ya hicho kimoja nilikosea vibaya, kosa ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Barua hii nimeiandika kwa ajili ya kosa hilo. Lakini niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu moyo bado unasitasita.

Nianze na huo uwanja wenu. Mjomba wako alipoandika kwamba nje ya Kampala kuna uwanja wa udongo ambapo watu huenda na magari yao wenyewe, wakazunguka siku nzima kwa mwendo wote, na kwamba ameshakuandikisha kwa siku ya wanaoanza, nilisoma barua yake mara tatu. Gari linatoka bila mzigo, bila abiria, linakimbia kana kwamba linafukuzwa, halafu linarudi pale pale lilipotoka. Nilipowaeleza majirani walishika matumbo kwa kucheka. Paluku, fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara, aliuliza, "Donc, banakimbia kwenda wapi?" Nikamwambia, hapana fasi, hawaendi mahali. "Na mu njia hakuna barrière?" Hakuna kizuizi. "Hakuna basoda?" Hakuna hata askari mmoja. Akasema, "Basi hata mimi ningeenda."

Ndipo nikaacha kucheka. Nilielewa kwa nini macho yako yaling'aa vile. Una miaka kumi na tisa na hujawahi kuendesha gari mwendo wa nusu saa bila mtu mwenye bunduki kukusimamisha. Nenda ukazunguke, mwanangu. Mimi sina neno.

Ila sikiliza kuhusu mzigo. Sisi watu wa Butembo gari tupu linatutia aibu. Mtu akisikia gari la fulani linakwenda Beni, basi kabla halijawashwa kuna debe la mafuta ya mawese, kuna godoro la binti wa fulani, kuna kuku, kuna barua. Kesho utapakiwa vivyo hivyo na sitaweza kuzuia. Lakini asubuhi ya uwanjani utoe kila kitu. Utoe maharagwe ya bibi, tairi la akiba, jeki, spana, mikeka ya miguuni, hata ile rozari kubwa ya mbao uliyoitundika kwenye kioo, maana kwenye kona itakupiga jicho. Mama Maria atakuelewa. Utaona aibu kuliendesha likiwa limebaki mabati matupu, utasikia kama umesahau jambo. Hujasahau kitu, ni mazoea yetu tu.

Nati za magurudumu uzikaze mwenyewe, gari likiwa limepoa, na ukishazunguka mara chache uzikaze tena. Usimwachie mtu kwa kuwa ni mwanaume, au kwa kuwa ana spana nzuri kuliko yako. Upepo wa matairi uupime asubuhi na uupime tena yakishapata joto, utashangaa ulivyopanda. Mafuta ya injini yawe karibu na alama ya juu, kwa sababu kwenye kona ndefu yanakimbilia upande mmoja na injini inabaki na kiu. Mjomba wako anayajua haya, lakini mjomba wako ni mtu wa kuongea na watu, na anayeongea husahau nati moja. Mimi mwenyewe ninapofanya kazi huwa sijibu hata salamu. Najua wananiita mkorofi.

Unakumbuka nilivyokufundisha? Jumapili baada ya misa, kwenye kiwanja cha mpira cha parokia, ukizunguka goli hadi goli na mbuzi wa padri wakikimbia mbele yako. Katikisti alinijia akasema, "Papa Masika, huyu mutoto mwanamuke utamuoza kwa nani, kama anapenda volant kuliko sufuria?" Nikamwambia atakayemtaka mtu wa usukani atajipikia. Nilisema kwa mzaha, lakini nilijivuna mpaka jioni. Nadhani sijawahi kukuambia kwamba unaendesha vizuri kuliko mimi. Basi nimekuambia.

Sasa breki.

Uwanjani breki ndizo zinazoteseka kuliko kitu chochote. Utakanyaga mbele ya kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na hazitapata nafasi ya kupoa. Plakete, zile pedi za breki, zikiwa nyembamba, badilisha. Ukisikia harufu ya kuungua, punguza mwendo, zunguka mara moja polepole bila kukanyaga, kisha toka uwanjani. Ukisimama usivute breki ya mkono zikiwa za moto, weka jiwe chini ya gurudumu. Na mafuta ya breki yawe mapya kabisa, kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta ya zamani yamekwisha kunywa maji kutoka hewani. Maji yakipata moto yanachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga na mguu unakwenda hadi chini kwenye bati, na gari linaendelea na safari yake.

Najua hayo kwa sababu yalinipata. Mama yako alikuwa kando yangu.

Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka, nikazunguka garage bila sababu, nikarudi. Wacha niendelee kabla sijatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Njia ya Kasindi, inayotuletea bidhaa kutoka Uganda, ilikuwa imefungwa wiki nyingi kwa ajili ya mapigano, na katika mji mzima hungepata chupa moja ya mafuta ya breki. Mafundi wote tulikuwa tunafanya jambo moja. Tulitia maji ya sabuni. Sabuni inafanya mipira iteleze, pedali inakuwa ngumu vizuri, gari linasimama, mteja anashukuru. Mjini, mwendo wa kutoka soko hadi kanisa, hakuna tatizo. Nilikuwa nimewatilia watu wengi hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika. Pickup yetu, ile ya buluu, ilikuwa inavujisha mafuta ya breki, na mama yako alitakiwa kwenda Kanyabayonga kuuza vitenge na kurudi na maharagwe. Alikuwa anafua pale uani. Nilichukua kikombe nikachota kutoka kwenye beseni lake.

Akaniuliza, "Baba Masika, ile maji ya sabuni unapeleka wapi?"

"Ni ya ma freins."

"Ma freins inakunywa sabuni?"

"Inakunywa. Hapana ogopa."

Akacheka breki zinazokunywa sabuni, akaendelea kufua. Hakuogopa. Kwa nini aogope? Mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Na mimi nilijua, Masika. Hapo ndipo penye aibu yangu yote. Mzee aliyenifundisha kazi Beni alikuwa ameniambia waziwazi kwamba maji hayaendi mlimani. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimefanya mara nyingi bila kudhurika, na kila mara ilipopita salama niliona kama yule mzee alikuwa mwoga.

Tulikwenda vizuri. Kurudi tulikuwa tumejaza, magunia ya maharagwe na viazi hadi juu ya kabini. Asubuhi ile risasi zilikuwa zimelia milimani na watu walikuwa njiani wamebeba magodoro, kwa hiyo nilitaka tufike Butembo kabla jua halijazama, kabla barrière hazijaanza ukorofi wa jioni. Kwenye ule mteremko mrefu upande wa Lubero nilizima injini na kuachia gari literemke lenyewe. Roue libre, kama tulivyozoea wote, kwa kuwa mafuta nayo yalikuwa adimu na kila tone tulilihesabia kilomita. Gari limejaa, injini imezimwa, kazi yote imebaki kwa breki, na ndani ya breki kuna maji ya kufulia.

Kona ya tatu au ya nne mama yako alisema, "Kitu inanuka."

Nilikuwa nimesikia ile harufu kabla yake. Nikamwambia ni watu wanachoma makaa huko chini. Hapakuwa na makaa. Kama ningesimama pale, kama ningesema tu, "Ndiyo, ni sisi, ngoja zipoe," tungekaa kwenye magunia nusu saa tukila ndizi, na leo angekuwa hapa anagombana nami kuhusu safari yako. Nilisema makaa kwa sababu sikutaka aone kwamba nimekosea. Hakuna sababu nyingine, na nimekuwa na miaka mitano ya kuitafuta.

Kona iliyofuata nilikanyaga na mguu ukaenda hadi chini. Upande mmoja korongo, upande wa pili mlima. Nilichagua mlima. Mlima ulikuwa upande wake.

Hakufa papo hapo. Watu wale wenye magodoro walitusaidia kumtoa. Alikuwa na akili zake. Aliniuliza kama magunia yamemwagika, nikamwambia hapana, yako salama. Maharagwe yalikuwa yametapakaa njia nzima. Alifia njiani, ndani ya lori lililotuchukua, kabla hatujaona mataa ya Butembo.

Sasa nikuambie ile sehemu ya pili, ambayo kwangu ni mbaya zaidi. Hospitalini muuguzi aliniangalia, akaniangalia nguo, akauliza, "Ni basoda?" Siku ile kila aliyeletwa alikuwa ameumizwa na basoda. Sikujibu. Akaandika. Kufika siku ya matanga watu walikuwa wameshajua habari yote: tulipigwa risasi, nikakimbiza gari, likanishinda. Walinisifu hata, kwamba nilijaribu kumwokoa. Mjomba wako Kambale alinishika mabega mbele ya watu akaniita ndugu. Mpaka leo anaamini hivyo. Halafu ukaja wewe, nyuma ya nyumba, umevaa kitambaa cha mama yako kichwani, ukaniuliza, "Papa, ni basoda banaua mama?"

Nikasema, "Ni vita, mwanangu."

Nilijitetea sana na maneno yale. Nilijiambia si uongo. Bila vita njia ingekuwa wazi, mafuta ya breki yangekuwapo, nisingekuwa na haraka. Yote hayo ni kweli na yanaweza kuapiwa. Lakini wewe hukuniuliza habari za njia ya Kasindi. Uliniuliza nani alimuua mama yako, na aliyekuwa anajibu ndiye alikuwa ameshika usukani.

Ningeweza kukaa na siri hiyo mpaka kufa, nadhani, kama isingekuwa ile siku tulipotoka Beni, mwaka juzi. Pale barrière, unakumbuka, kijana yule alikuwa na bunduki kubwa kuliko yeye, midomo imepasuka kwa kiu. Aliomba maji. "Yaya, pesa nga mai." Aliomba kwa adabu. Ulikuwa na dumu miguuni. Ulimtazama usoni, ukafungua dumu, ukamwaga yote chini mbele ya viatu vyake. Nilisikia anavyoivuta bunduki. Nilishuka nikapiga magoti kwenye matope, nikamwita baba, mtoto aliyeweza kuwa mjukuu wangu. Akasema, "Vieux, mwana na yo azali na lolendo." Kwamba una kiburi. Akatuacha.

Tulipofika Butembo uliniambia, "Sitampa maji hata mumoja. Banaua mama." Nami nilikupikia chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema na nikapika chai. Ulikaribia kupigwa risasi kwa ajili ya uongo wangu, ukaweka kikombe chini ukaniambia asante, Papa.

Wale watu wamefanya maovu mengi, sikuombi uwapende. Lakini hilo moja hawakulifanya.

Tangu barua ya mjomba wako ifike nimekuwa nikilitengeneza hili gari na kila nikifika kwenye breki mikono inakataa. Unaniamini mno. Utalikimbiza mwendo wote kuelekea kona na utakanyaga bila kufikiri, kwa sababu Papa alisema ziko sawa. Hata mama yako alikuwa na sababu hiyo hiyo. Siwezi kukuacha uingie uwanjani na imani ya namna hiyo, haina msingi, nimeila mimi mwenyewe zamani.

Mwanzoni niliazimia kuificha barua kwenye kisanduku cha dashibodi, uikute Kampala ukitafuta karatasi za gari. Nilifikiria hata mahali pa kuikunja. Ungekuwa umeshavuka mpaka, umeshazoea kuendesha kushoto kama wao, na mimi ningekuwa hapa sikuoni uso. Nimeona ni makaa tena. Kwa hiyo utaikuta juu ya usukani leo, ukirudi kutoka Musienene, na mimi nikiwa hapa hapa.

Sijui utafanya nini. Nakuogopa, nikuambie kweli. Wewe ndiye mtoto wangu pekee, na tangu jana nimekuwa nikisikiliza jinsi nyumba itakavyokuwa, nazima redio makusudi ili nijaribu, halafu naiwasha haraka. Nilidhani upweke huo ndio utakaonitisha. Sasa naona upo mwingine, wa kuwa na mtoto Kampala ambaye hataki kusikia jina langu. Kama ni huo, nitaubeba. Usirudi kwa huruma. Na mjomba wako mwambie, au uniachie nimwandikie mwenyewe. Lakini ajue.

Sasa hali ya gari ilivyo. Nimeliinua juu ya magogo na magurudumu yote manne yametoka. Ulipoondoka tu asubuhi nilimwaga mafuta yote ya zamani ya breki, nikasafisha, nikaweka plakete mpya. Ukikanyaga pedali sasa hivi itakwenda hadi chini, usishtuke. Chupa mpya iko kwenye kiti cha dereva, na kifuniko sijakivunja. Kifungue wewe. Nusa, mimina kidogo kiganjani, uone kwamba ni mafuta.

Halafu hewa itolewe. Unaijua kazi yenyewe, mmoja anakaa juu anakanyaga na kushikilia, mwingine yuko chini anafungua kiskrubu hadi mapovu yaishe, gurudumu kwa gurudumu. Aliye chini anaona kila kitu. Aliye juu anakanyaga tu anapoambiwa, na kuamini. Mama yako alinikanyagia miaka yote, kisha ukamrithi wewe, na hakuna kati yenu aliyewahi kuniomba ashuke aone.

Leo shuka wewe. Mimi nikanyage, uniamrishe, na usikaze kiskrubu mpaka uridhike wewe.

Na kama hutaki niwe kwenye gari lako, nina haki gani ya kulalamika. Paluku nimemwomba akae nyumbani jioni hii, ukimwita atavuka barabara aje akukanyagie, na hatakuuliza kitu. Kazi itakuwa nzuri vilevile. Gari tu lisitoke hapa kabla haijafanyika.

Ukimaliza kusoma, mwite mmoja wetu. Niko jikoni, mlango nimeuacha wazi, na viatu sijavua.

Papa yako